FEULI INAYOTOKA JASHO

(Haya ni mazungumzo ya juma hili kama yalivyosikika redioni. Tunayachapisha kwa faida ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.)



Leo nataka tuzungumze habari za sanduku. Si sanduku la kura, wala si sanduku la posta. Nataka kusema juu ya lile sanduku lililoko chini ya kiti cha boti, ambamo huwekwa kamba, turubai, nanga ndogo na majaketi okozi. Najua wapo watakaosema, "Huyu bwana leo hana la kusema." Nawaomba wanivumilie kidogo, kwa maana hata mimi nilikuwa nikilikalia sanduku hilo miaka mingi bila kulifikiria, mpaka siku moja lilipofunguliwa mbele yangu.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa Julai. Niliwachukua wageni wangu, mume na mke na mtoto wao wa miaka saba, kwenda kutembea kisiwa cha Mbudya, kile kinachoonekana mbele ya Kunduchi, kaskazini ya jiji la Dar es Salaam. Boti tuliyopanda ilikuwa ya faiba, imepakwa rangi ya samawati, viti vyake vina mito, na kwa kuitazama ungesema imetoka kiwandani jana. Kwenda tulikwenda salama. Wakati wa kurudi, alasiri, upepo wa kusi ukazidi nguvu, bahari ikachafuka, na maji yakaanza kuturukia usoni. Nahodha, kijana mwenye adabu zake, akasema, "Wazee wangu, naomba mvae majaketi." Akafunua kiti.

Kitu cha kwanza kilichotupokea kilikuwa harufu ya kuvu. Sanduku lilikuwa limevishwa zulia jekundu, chini na pembeni, na zulia lenyewe lilikuwa limelowa kama kitambaa cha kufutia meza. Majaketi yalikuwa na madoa meusi. Lile la mtoto lilipovutwa mkanda ili lifungwe, mshono uliachia, na mkanda ukabaki mkononi mwa mama yake. Uzi wa mshono ule ulikuwa wa pamba, nao ulikuwa umeoza. Mama yule alinitazama bila kusema neno. Nilimvisha mtoto jaketi langu, likampwaya kama kanzu ya babu yake, na tukaenda hivyo hivyo, baba mtu amemkumbatia, mpaka tukagusa mchanga.

Tulifika salama. Lakini juma lile zima sikulala vizuri. Nilimtafuta mwenye boti, ambaye ni mtu ninayemfahamu, nikamweleza yaliyotokea. Alinijibu kwa unyonge. "Ndugu yangu, zulia lile niliweka makusudi. Nilitaka ndani kupendeze, na vitu visigongane chombo kikirushwa na mawimbi."

Basi, msikilizaji, huyu si mtu mwenye roho mbaya. Alitoa fedha zake kununua majaketi, akatoa fedha nyingine kulipamba sanduku la kuyawekea. Kosa lake lilikuwa moja tu, nalo ni kuchagua bitana. Kama vile koti lina bitana kwa ndani, na sanduku la boti huvishwa bitana yake. Ile aliyoichagua ndiyo iliyoyaozesha majaketi.

Wazee wa pwani wanalo jina la mahali hapo. Wanapaita feuli, yaani kile chumba kidogo cha nyuma ya chombo, kwenye tezi, ambamo mabaharia huhifadhi vitu vyao. Jina ni la kale, na siku hizi wengi wetu hatulitumii. Nami kwa kuwa nilikwisha kupata jina lake, nikaona nimtafute anayekijua kitu chenyewe. Nikamwendea fundi mmoja mzee, aliyeunda mashua tangu ujana wake.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Una chombo?"

"Sina chombo, mzee wangu. Nina swali. Feuli ya boti ya faiba huvishwa nini ili isiingie unyevu?"

Mzee akacheka. "Unyevu hauingii tu, mwanangu. Mwingine humo humo unazaliwa. Wewe niulize huvishwa nini ili unyevu upate kutoka."

Maneno hayo, ndugu wasikilizaji, ndiyo shina la mazungumzo yangu ya leo. Sisi tukisikia unyevu, mara moja tunafikiri juu ya kuziba. Tunaziba huku, tunaziba kule, kisha tunashangaa mbona ndani kunanuka. Hebu kwanza tutazame maji hupata wapi njia.

Njia ya kwanza kila mtu anaijua: mvua na mawimbi. Kifuniko hakikai sawasawa, maji yanapenya. Dawa yake ni kifuniko chenye mdomo ulioinuka na ukanda wa raba, na tundu la kutolea maji mahali pa chini kabisa pa sanduku.

Njia ya pili ni sisi wenyewe. Kamba imetoka majini inachuruzika, tunaitupa ndani. Jaketi limevaliwa na mtu aliyelowa, tunalikunja na kulirudisha. Kisha tunafunga kifuniko vizuri kabisa, na ile raba tuliyoiweka kuzuia maji yasiingie, sasa inayazuia yasitoke.

Njia ya tatu ni jasho. Ukiweka chupa ya soda ya baridi juu ya meza, baada ya dakika chache inatokwa na matone kwa nje. Maji yale hayakupenya kutoka ndani ya chupa. Yametoka katika hewa, kwa kuwa hewa ya moto inabeba maji mengi, na ikigusa kitu cha baridi hulazimika kuutua mzigo wake. Sanduku la boti hufanya hivyo hivyo. Mchana jua linapiga, hewa ya ndani inapata moto. Usiku ukuta mwembamba wa faiba unapoa upesi, na ile hewa iliyofungiwa inatua maji ukutani.

Tukipiga hesabu kidogo, feuli yenye ukubwa wa mita moja ya ujazo, yenye hewa ya nyuzi 30 za joto na unyevu wa asilimia 80, imebeba gramu 24 hivi za maji. Ikipoa ikakaribia nyuzi 26, mzigo unaanza kuishinda. Ikifika nyuzi 22, imekwisha kutua gramu 5 hivi, ambazo ni kijiko kimoja cha chai. Utasema, kijiko kimoja ni kitu gani? Kwa ukuta mtupu ulio laini, kweli si kitu. Kukicha, kifuniko kikafunguliwa, kijiko kile kinakauka na kwenda zake. Lakini zulia hukinywa na kukiweka akiba. Kesho linakunywa kingine. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho kinajaa juu ya majaketi yetu.

Njia ya nne ndiyo wengi hatuifahamu, nayo ni chumvi. Mama wa nyumbani wa Tanga, Mombasa au Unguja anajua kwamba chumvi ikiachwa wazi wakati wa masika hulowa yenyewe. Chumvi ya mezani huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, na chumvi ya bahari, kwa madini mengine yaliyochanganyika ndani yake, huanza mapema zaidi. Na katika miji yetu ya pwani, asubuhi nyingi za mwaka unyevu unapita kiwango hicho. Kwa hiyo zulia, kamba au jaketi lililolowa maji ya bahari, hata ukilianika likakauka, usiku linalowa tena. Halitakauka kweli kweli mpaka lisuuzwe kwa maji ya bomba au ya kisima. Bitana isiyoweza kusuuzwa ni bitana iliyokwisha kushindwa kabla haijaanza kazi.

Msikilizaji uliyeko mjini, usiyekuwa na boti wala ngalawa, usidhani habari hii haikuhusu. Kabati lako la nguo limebanwa kwenye ukuta wa nje, milango imefungwa, viatu vya ngozi viko chini. Ifikapo Mei unavitoa vimeota manyoya ya kijani. Ni feuli ile ile, tofauti ni kwamba ya kwako haielei. Livute kabati mbele upana wa kiganja, hewa ipite nyuma yake, utaona tofauti.

Sasa tuje kwenye madukani. Mwenye boti akitaka kuivisha feuli yake, atakuta vitu vingi, na kila muuzaji atamwambia cha kwake hakiingii maji.

Zulia tumekwisha kuliona. Yapo mazulia yanayouzwa kwa ajili ya boti, ambayo nyuzi zake ni za plastiki na hazinywi maji. Ni kweli nyuzi hazinywi, lakini maji hukaa katikati ya nyuzi, pamoja na chumvi na mchanga, na kama mgongo wa zulia ni wa raba, hayapati pa kupitia. Yanafaa sakafuni mahali pa wazi, panapopata jua na upepo. Ndani ya sanduku hayafai. Jamvi na boksi la karatasi sizungumzii, maana kuvu kwao hivyo ni chakula.

Sponji ziko za namna mbili, nazo zinachanganya watu. Ile ya godoro ina vitundu vilivyofunguka, inakunywa maji kama mlevi. Nyingine ina vitundu vilivyofungwa kila kimoja peke yake, na maji hayana njia ya kuingia. Hii ya pili unaifahamu, umeivaa mguuni: ni mpira wa ndala. Tazama pwani yoyote baada ya bamvua, utaokota ndala ambazo zimeelea sijui tangu lini, na ukizikamua hazitoi tone. Mwaka 2018, mafundi wa Lamu wakiongozwa na fundi Ali Skanda waliingiza majini jahazi lililoundwa kwa plastiki chakavu na kuvishwa ndala zilizookotwa. Jahazi hilo, liitwalo Flipflopi, lilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar mapema mwaka 2019. Kwa hiyo kama hofu yako ni vitu kugongana, mkeka wa mpira wa namna hiyo utakufaa zaidi ya zulia, mradi usiugandishe kwa gundi moja kwa moja. Ukiugandisha, maji yatapata upenyo kwenye ncha, yakae nyuma yake, nawe usiyaone.

Plaiwudi nayo ina hila zake. Ile ya kutengenezea makabati ya ndani hubanduka tabaka tabaka ikikutana na maji, kwa sababu gundi yake haikuandaliwa kwa kazi hiyo. Iliyo bora kwa vyombo ni plaiwudi ya baharini, na yenye kufuata viwango vya Uingereza hupigwa alama ya BS 1088. Lakini hata hiyo, ubora wake uko kwenye gundi na kwenye kutokuwa na mapengo katikati ya matabaka. Mbao yenyewe inaweza kuoza kama mbao nyingine, na hunywa zaidi kwenye ncha zilizokatwa. Ukiitumia, ipake epoksi au rangi pande zote mbili, na ncha uzipake mara mbili tatu, na kila tundu la parafujo ulipake pia. Kama huna hakika na unachouziwa, omba kipande, kakichemshe nyumbani kwa saa kadhaa kama unavyochemsha maharage. Kikibanduka, umepona hasara.

Reksini, ile ngozi ya bandia ya viti vya basi, inavutia na hufutika kwa urahisi. Tatizo lake liko nyuma. Nyingi zina kitambaa upande wa pili, na kitambaa kile kikipata unyevu huota kuvu mahali usipoweza kufika. Uso unang'aa, mgongo umeoza.

Plastiki ngumu, ile ya mapipa ya buluu, ni kitu kizuri kwa feuli. Hainywi, haiozi, inasuguliwa kwa sabuni. Mafundi wengine hulipasua pipa kuukuu na kulinyoosha. Angalia mambo mawili. Pipa lisiwe limetoka kubeba dawa za sumu, na usijaribu kuigandisha plastiki hiyo kwa gundi ya kawaida, kwa kuwa haishiki. Ifunge kwa parafujo za chuma kisichoshika kutu. Na kama fedha ni chache, hata kitako cha kreti la soda kuukuu kikilazwa chini ya sanduku kinatosha kuviinua vitu visilale majini.

Nilipomsomea fundi orodha yangu yote, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanionyesha mashua aliyokuwa akiitengeneza. Ndani ya feuli yake hapakuwa na kitambaa wala zulia. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi nyeupe tu, laini. Juu ya rangi, mbali na ukuta kiasi cha upana wa kidole, zilisimama fito nyembamba za mvule zenye mapengo kati yake, na chini palikuwa na kichanja cha fito hizo hizo.

"Hii ndiyo bitana yako, mwanangu. Rangi nyeupe, ili kuvu ikianza uione mapema. Fito, ili jaketi lisiguse ukuta unaotoka jasho. Mapengo, ili upepo upite. Na ukitaka kuosha," akashika kichanja, akakitoa chote kwa mkono mmoja, "hiki kinatoka."

Nikamwuliza amejifunza wapi. Akasema, "Kwa jahazi la mizigo. Shehena hailazwi juu ya mbao za chombo. Zinatangulia fito, yanafuata majamvi, ndipo mzigo. Maji ya ngama yapite chini, hewa ipite kati. Mbao yenyewe tunaipaka sifa ya papa. Nyinyi mmepata faiba, mkadhani mambo hayo yamekwisha."

Hapo nilielewa tulipopotea. Chombo cha mbao kilimlazimisha mwenyewe kukihudumia. Kikivuja anakitia kalafati, kikikauka anakipaka mafuta, kila siku anakomba maji ya ngama, kwa hiyo kila siku anaona yaliyoko chini. Boti ya faiba haivuji, na kwa sababu haivuji tumeacha kuchungulia. Tumefunga kifuniko, tukaweka mto juu yake, tukakalia.

Yapo mambo ya kuangalia kabla fundi hajaanza kutoboa matundu ya hewa. Katika boti nyingi za faiba, baadhi ya vyumba vilivyofungwa si feuli hata kidogo. Ni vyumba vya hewa, vilivyowekwa ili chombo kikijaa maji kisizame. Hivyo visitobolewe wala visigeuzwe ghala. Feuli yenyewe itoboe matundu mawili, moja chini na moja juu upande wa pili, ili hewa iwe na mlango wa kuingilia na wa kutokea, na yawekwe vifuniko vya vibao vilivyolala ili mawimbi yasiingie. Dumu la petroli lisiwekwe humo. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutulia chini ya sanduku ukingoja cheche. Na yale maboksi meupe mepesi ya kubebea samaki, ambayo wengine hukata vipande wakavifanya bitana, petroli huyayeyusha kama sukari.

Ama bei, nimefanya uchunguzi wangu na naweza kusema hivi: kazi ya rangi na fito haikuzidi kazi ya zulia na gundi, ukihesabu kwamba zulia litang'olewa mwaka ujao na majaketi yatanunuliwa mapya. Gharama kubwa iliyobaki ni ya uangalifu. Baada ya safari, suuza majaketi kwa maji ya bomba, yatundike kivulini penye upepo, kwa maana jua kali nalo huchosha kitambaa na mikanda. Boti ikilala bandarini salama, acha kifuniko kimeinuliwa kidogo. Mara moja kwa mwezi toa kila kitu, vuta kila mkanda kwa nguvu zako zote. Unaokatika, ushukuru umekatika nchi kavu.

Yule mwenye boti nilimpelekea habari zote hizi. Alikasirika kidogo, na ni haki yake, maana hakuna anayependa kuambiwa mapambo yake ndiyo ugonjwa. Lakini juma lililofuata alining'olea zulia lile mbele ya macho yangu. Chini yake faiba ilikuwa na utelezi wa kijani, na parafujo za kiti zilikuwa zimeliwa na kutu, mbili zikatoka kwa kidole. Tulitazamana. Hata kiti tulichokuwa tukikikalia kilikuwa kikioza kutoka chini.

Sasa nageukia kwako wewe abiria. Wewe huchagui bitana, wala huulizwi. Lakini unalo jambo moja unaloweza kufanya kabla boti haijaondoka ufukweni, nalo halina gharama. Mwambie nahodha kwa heshima, "Kaka, hebu tufungulie hapo tuone majaketi." Nusa. Shika. Vuta mkanda wa lile la mtoto. Nahodha mwema hatakasirika, na yule atakayekasirika amekwisha kukujibu.

Wahenga wa pwani walisema, enda tezi, enda omo, marejeo ni ngamani. Tutapaka rangi za samawati, tutashona mito, tutatandika mazulia mekundu, lakini bahari ikichafuka wote tutarudi kuinama pale chini kwenye feuli. Tukiinama, na tukute kitu kikavu.